Chupa ya Mwisho ya Cherehani

Mume wangu hajui kukaa. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili mtu asije akadhani nilidanganywa. Nilimjua hivyo tangu uchumba. Alipokuja kwetu kujitambulisha aliwekewa kiti sebuleni, na kabla baba hajamaliza kukohoa, yeye alikuwa ameshasimama, ameshafungua dirisha na kulifunga, na ameshauliza kama lile bati la jikoni linavuja. Akiketi, mguu wake wa kulia unapiga chini mfululizo kama mtu anayeshona. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Cherehani. Hata wajukuu wanamwita hivyo, na anaitika.

Kazi gani hajafanya? Amekuwa fundi baiskeli, amepaka rangi nyumba za watu, ameuza mkaa, ameendesha mashine ya kusaga. Kote alipendwa na kote hakudumu. Mvivu si yeye, Mungu shahidi. Kinachomshinda ni kungoja. Rangi ya mkono wa kwanza haijakauka, yeye keshaanza wa pili. Mayai anachemsha mwenyewe na anayatoa yakiwa maji. Akipanda maharage, haziishi siku tatu anafukua mbegu moja aone kama imeota, anaifukia, kesho anafukua jirani yake. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Mimi niliolewa na yule mwenzake, anayekula mbichi halafu anaulaumu mti.

Sasa mtu kama huyo, kati ya kazi zote zilizoko duniani, akaangukia kwenye divai.

Baba yao aliwaachia yeye na mdogo wake kipande cha mlima chenye mawe mengi na mizabibu ya Syrah, ile zabibu nyeusi yenye ganda nene. Mzee enzi zake alikuwa akiuza zabibu kiwandani, yakaishia hapo. Kiwanda kilipofungwa, shemeji yangu, ambaye ana duka la mabomba mjini na akili yake imetulia, alisema mizabibu ing'olewe tupande malimao. Mume wangu akasema atatengeneza divai mwenyewe. Akatafuta mapipa, tukachuma, tukazikanyaga zabibu kwa miguu mpaka magoti yetu yakawa ya zambarau. Kawaida watu hutia hamira ya dukani ili juisi ichachuke vizuri, na baadaye hutia poda ya kuzuia divai isiharibike. Vyote viwili viliagizwa, na gari la duka likachelewa. Mtu mwingine angesubiri. Cherehani aliuzunguka ua mpaka kuku wakamkimbia, kisha akasema, "Liwalo na liwe!" Akaziacha zabibu zichachuke kwa chachu iliyomo kwenye maganda yake yenyewe. Hamira ilipofika, pipa lilikuwa linaunguruma kama tumbo la mwenye njaa. Poda nayo akaigawa kwa jirani.

Hivyo ndivyo divai yetu ilivyopata kuwa ya asili. Siku hizi wageni wakija anawaeleza habari za kuiheshimu zabibu, kutoiongezea kitu wala kuipunguzia, na anafumba macho kabisa akisema hivyo. Mimi huwa natoka nje nisije nikacheka mbele za watu.

Divai ya kila mwaka tuliiuza ikiwa changa, kwa majirani na wapita njia. Lakini ulikuja mwaka wa mvua chache, zabibu zikawa ndogo na tamu kupita kiasi, akasema pipa la mwaka huo haliuzwi. Litakomaa. Tukajaza chupa, tukapiga vizibo, tukazilaza kwenye chumba alichokichimba mlimani nyuma ya jiko. Zilijaa ukuta mzima.

"Baba watoto," nikamuuliza, "hizi utaweza kuziacha kweli?"

Akaapa kwa jina la mama yake, aliyekuwa hai wakati huo na hakupendezwa.

Mwaka haukuisha. Kitinda mimba wetu alishikwa na homa, baba yake akashuka chumbani akazibua chupa. Mvua zilipochelewa, akazibua. Binti yetu alipokawia kupiga simu kutoka safarini, akazibua. Kila roho ilipokuwa juu, chupa moja ilikufa. Na namna yake ya kuonja haikubadilika hata siku moja: amesimama mlangoni, nusu yuko ndani nusu yuko nje, kizibo kimetoka sasa hivi, anapiga funda moja, anakunja uso. "Bado," anasema. "Inanuka. Chungu." Kilichobaki anakimwaga kwenye mawe, anarudi juu na wasiwasi wake. Mara mbili tatu alinipa nionje, nikatema. Ilinuka kama mbwa aliyenyeshewa.

Miaka ikaenda hivyo. Watoto wakaoa na kuolewa, nywele zetu zikageuka rangi, ukuta wa chupa ukaliwa kutoka juu mpaka chini. Siku moja nilishuka kutafuta ndoo nikamkuta amekaa kwenye kreti tupu, anaitazama chupa moja.

"Nyingine ziko wapi?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Hii siigusi," akasema.

Nilipandwa na hasira. Nilimtoa mle ndani, nikafunga mlango, ufunguo nikautia mfukoni mwangu.

Mwaka huu shemeji alichoka. Alikuja, akanywa chai yake taratibu mpaka ikaisha, akaweka kikombe chini. "Kaka," akasema, "nakupenda, lakini tumezeeka. Nusu ya mlima ni yangu, na sijaona unachovuna kule zaidi ya wasiwasi. Nimeshaongea na mwenye trekta. Tung'oe, tupande malimao, tupumzike."

Mume wangu alikuwa ameshaizunguka meza mara kadhaa. "Kuna mnunuzi," akasema. "Mama mmoja anayezinunulia hoteli divai. Alipita hapa akaonja ile mpya iliyo kwenye mapipa, akaisifu."

"Alisema atanunua?"

"Alisema atapiga simu."

"Haya. Akinunua, mizabibu ibaki, na mimi sitafungua mdomo tena. Asiponunua, trekta inapanda. Tumeelewana?"

Wakapeana mikono mbele yangu. Nami niseme ukweli: niliogopa. Divai yenyewe sikuwa na haja nayo. Lakini kule mlimani kuhangaika kwake kuna pa kwenda. Anakata matawi, anakaza waya, anang'oa magugu, jioni anarudi amechoka kama binadamu wengine. Malimao hayataki mtu wa kuyashughulikia kila saa. Bila mizabibu angehangaikia ndani, na nilijua vizuri kwamba kabla ya mwaka kuisha moyo mmoja ungesimama, wake au wangu.

Yule mama alipiga simu kweli. Mume wangu aliiweka kwa sauti ya juu ili nami nisikie.

"Divai yenu mpya ni nzuri, mzee," akasema. "Lakini haina dawa hata chembe. Za namna hiyo nimeshanunua zikanifia kwenye chupa. Nionyesheni ya zamani. Ya zamani ikiwa bado iko hai, nachukua mapipa yote."

"Ya zamani ipo," akasema mume wangu.

"Mnazo ngapi?"

"Ipo, bibie. Karibu sana." Akakata simu upesi.

Tangu hapo hakunipa raha. Nikifua, yuko pembeni. Nikichambua mchele, yuko mbele yangu.

"Mama watoto, nipe ufunguo niionje kidogo tu. Kijiko kimoja. Tukijua imeharibika tumwambie asisumbuke."

"Ukishatoboa kizibo ataionja vipi akija? Utamwonjesha kijiko?"

"Nitairudishia kizibo."

"Kama mbegu za maharage."

"Sasa maharage yanaingiaje hapa?"

"Toka jikoni kwangu!"

Asubuhi moja nilimkuta ameshika bisibisi mbele ya mlango wa kile chumba. Alisema anakaza bawaba. Nikavuta kreti, nikaketi hapo hapo, nikamaliza kuchambua mchele wangu mgongo ukiwa mlangoni.

Mnunuzi akaja mchana wa siku hiyo. Ni mama mnene, wa makamo, mwenye viatu vya kustarehe. Alipoketi aliketi, hakuhama tena. Shemeji naye alikuja, kavaa shati la kanisani, akakaa upande wa dirisha. Nikampa mume wangu ufunguo, nikamsikiliza akishuka na kupanda, nikishukuru Mungu kwamba hakukawia.

Alipovuta kizibo, nusu ilibaki ndani, imeoza na kuwa nyeusi. Akaitoa kwa kisu. Akamimina glasi nne. Rangi ilikuwa imeanza kuwa ya matofali pembeni, na katikati bado nyeusi. Kisha harufu ikatufikia.

Ilikuwa yai viza. Yai viza na kiberiti kilichowashwa sasa hivi, na chini yake banda la kuku. Shemeji alirudisha kiti nyuma. "Pole, kaka," akasema kwa upole. "Hii imeshajifia."

Mimi nilimtazama yule mama. Aliizungusha glasi, akaingiza pua, akaitoa, akaizungusha tena. Vijiko juu ya meza ya jikoni vilikuwa vinagongana kwa sababu ya mguu wa mume wangu. Nikaona jasho linamtoka kwenye paji la uso. Nikataka kumshika mkono, nikachelewa.

Aliinuka ghafla, akaikamata chupa, akaipindua kwenye sinki. Ikatoka kwa mafunda, glu, glu, glu. Akachukua glasi yake, akamwaga. Yangu, akamwaga. Ya shemeji, akamwaga. Aliponyoosha mkono kuchukua ya mgeni, yule mama akaifunika glasi yake kwa kiganja.

"Mzee," akasema, "unafanya nini?"

"Imeoza, bibie. Nisamehe. Nimekuletea aibu mpaka puani."

"Nani amekuambia imeoza?"

"Si inanuka!"

"Inanuka, ndiyo. Imefungiwa humo miaka yote, haina dawa ya kuitia usingizi wala ya kuiamsha. Wewe ukiamka asubuhi mdomo wako unanukia nini?"

Shemeji alicheka bila kutaka. Mume wangu alisimama palepale na chupa tupu mkononi.

"Hizi za asili nyingi huamka hivi," yule mama akaendelea. "Zinataka hewa. Nilikuwa naingoja. Wewe zile nyingine ulikuwa unazionjaje?"

Nikajibu mimi, nikamwonyesha kabisa: nikaenda nikasimama mlangoni, mguu huku mguu kule, nikapiga funda la hewa, nikakunja uso, nikamwaga nje. Yule mama alinitazama, akamtazama yeye, akafumba macho kidogo kama mtu aliyesikia habari za msiba.

"Zote?" akauliza.

"Pipa zima," nikasema.

Maji yakimwagika hayazoleki, na divai ndiyo kabisa. Ikawa imebaki glasi moja, nayo haijajaa hata nusu, na mlima mzima unaitegemea. Yule mama akaiweka katikati ya meza, akaomba chai. Nikabandika maji. Basi tukakaa watu wazima wanne kuitazama glasi kama inayotaka kujifungua.

Kama mnataka kumtesa mume wangu, hamna haja ya fimbo. Alikaa, akasimama. Alitoka nje, akarudi, akainama kunusa, yule mama akamwambia, "Iache ipumue." Akatoka tena. Nilimsikia anasogeza ndoo uani, anazirudisha zilipokuwa. Alifagia mahali palipofagiliwa. Alirudi akauliza kama mgeni ana nafasi, kama hana haraka, kama barabara haitamsumbua. Shemeji naye uungwana ukaanza kumwishia, akawa anachungulia dirishani kuelekea mlimani, na nilijua anahesabu miche ya malimao. Mimi chai yangu ilipoa sijaigusa. Nilikuwa naona trekta.

Yai viza liliondoka kwanza. Sijui liliondoka saa ngapi. Nilikuwa namimina maziwa, nikageuka, halipo. Kiberiti kikawa moshi, moshi mzuri wa kuni kavu. Yule mama akainua glasi, akaizungusha, akairudisha bila kuonja. Tukangoja tena. Kisha nikasikia harufu ya pilipili manga, nikageukia kabati nikidhani nimeacha kopo wazi. Kopo lilikuwa limefungwa.

"Sasa," yule mama akasema.

Akaonja kidogo sana. Akaishikilia mdomoni, akavuta hewa juu yake, akameza. Macho yake yakawa yanang'aa. Akamsogezea mume wangu glasi.

Alionja akiwa ameketi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anakunywa divai ile ameketi. Aliposhusha glasi hakutazama mtu. Aliinuka akaenda kwenye sinki, akainama, akapitisha kidole kuzunguka lile tundu penye unyevu mwekundu, akakiramba. Akabaki ameinama vile, mikono ikiwa imeshika kingo za sinki.

"Zote zile," akasema. "Bibie, zote zile zilikuwa hivi?"

"Sijui, mzee. Za mwanzoni pengine zilikuwa bado. Za mwisho mwisho zilikuwa tayari."

Shemeji akaonja, akaangalia ndani ya glasi, akaonja mara ya pili mpaka nikamkoholea. "Haya," akasema. "Mwenye trekta nitampigia mimi."

Glasi ikaja kwangu. Tone lililobaki lilikuwa la mtoto. Kwanza ulimi ulikauka, kama umeuma ganda la ndizi mbichi, nikasema moyoni, hawa watu wananichezea. Halafu zikaja zambarau zilizoiva mpaka zinapasuka, na ile pilipili, na moshi, na kitu kama mkanda wa ngozi uliovaliwa miaka. Nikameza, nikangoja iondoke. Haikuondoka. Nikashika glasi tupu nikajikuta nimekasirika upya, kwa sababu nilikuwa nimeishi juu ya kitu kile, nikipika, nikifua, nikigombana, na kilikuwa kinamwagwa kwenye mawe.

"Nachukua mapipa yote," yule mama akasema akikusanya mkoba wake. "Ila kwa sharti. Nitajaza chupa na kuzilaza kwenye ghala letu. Haiuzwi leo wala kesho. Itakaa miaka kumi."

"Chupa chache zibaki hapa," mume wangu akasema. "Za kuangalia inaendeleaje."

"Hakuna itakayobaki hapa."

"Hata moja?"

"Hasa hiyo moja."

Shemeji akamsindikiza mgeni mpaka garini. Mimi nilitaka kupiga vigelegele. Mizabibu ilikuwa imepona. Lakini nilipogeuka mume wangu hakuwepo. Nikampata mlimani, anatoka nguzo hadi nguzo akivuta waya kwa kidole kuona kama umekaza. Ulikuwa umekaza wote. Nikamfuata, nikihema, kwa sababu hata kwenye furaha huyu mtu hukimbizwa.

"Miaka kumi," akasema bila kugeuka.

"Si mingi."

"Mama watoto, mimi miaka kumi sinayo."

Nilikuwa na maneno tayari, yale ya kusema usiseme hivyo, Mungu ni mkubwa. Nikayatazama mabega yake. Yamekuwa madogo. Nikasema, "Pengine huna."

Akasimama kweli. Nilidhani nimemuumiza.

"Ndiyo maana nilikuwa nazifungua," akasema. "Kila nikiona jambo baya linakuja, naona nitakufa sijaijua. Nashuka niijue sasa hivi. Na sasa nimeijua kwa funda moja, basi. Zikitoka huko ghalani, nani atakuja kuniambia zilikuwaje?"

"Mimi."

"Utakuja?"

"Nitapanda na glasi yangu mpaka ulipolazwa, nikae chini, nikueleze yote, harufu na ladha. Na nikiona umeanza kuhangaika humo ndani, siondoki mpaka utulie."

Alicheka, akashika nguzo, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, nami nikamwacha alie kwa sababu kilio hicho kilikuwa kimekaa muda mrefu. Akajipangusa uso kwa kofia yake.

"Lakini uiache ipate hewa kwanza," akasema. "Usije ukaniletea habari za uongo."